Mwalimu Aliyecheka Hewani

Hii ni hotuba niliyowapa vijana wanaosomea utangazaji hapa Dodoma, Siku ya Redio Duniani, 13 Februari. Wengi waliniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoiongea, sijaipiga pasi sana.

Mbukwenyi wanangu. Ahsanteni, mmeitikia vizuri mpaka nimejisikia nipo nyumbani. Wale wa kule nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele, na feni ya upande wenu naona haizunguki na joto la Dodoma la saa hizi mnalijua wenyewe.

Nimeombwa niongelee historia ya redio. Sasa historia ya redio ni pana sana, nikianza na mtambo wa kwanza wa Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, tutatoka hapa usiku, kwa hiyo nitamwongelea mtu mmoja tu. Aliitwa Nathaniel Dowd Williams, watu wake walimwita Nat D. Alizaliwa mwaka 1907 mtaa wa Beale, mji wa Memphis, jimbo la Tennessee huko Marekani. Alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, na alikuwa DJ. Mi nimefundisha historia maisha yangu yote, na Jumamosi asubuhi nimekaa kwenye maiki ya redio ya jamii miaka sita, kwa hiyo siku mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliponiprintia habari za huyu mtu nilizisoma usiku ule ule mpaka mke wangu akaniuliza kuna msiba gani.

Lakini kabla ya Memphis naomba niwapitishe kwetu, upande wa Mvumi, mwaka 1973. Nilikuwa na miaka 9. Baba alikuwa na redio ya National yenye kava la ngozi lililotobolewa vitundu mbele pale kwenye spika. Betri zikichoka hazitupwi, zinaanikwa juani juu ya tembe, na kazi ya kupanda kuzianika ilikuwa yangu. Jioni nazishusha, ukizishika mkononi zina joto kama yai lililotoka chini ya kuku, baba anazipanga moja moja, anafunga kifuniko, alafu tunasubiri. Zilikuwa zinatosha taarifa ya habari na kipindi kimoja, basi, sauti inaanza kuzama.

Mwaka ule kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakisikiliza Radio Tanzania, na kila kikundi kina kiongozi wake na kitabu. Kikundi chetu kilikuwa chini ya mbuyu, wazee kwenye vigoda, kina mama na watoto mgongoni, kipindi kikiisha wanajadili, wengine wanabisha kwelikweli, alafu kesho yake baba yangu alishika sururu akaanza kuchimba choo. Choo cha kwanza cha nyumba yetu kimechimbwa kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye lile kava la ngozi. Nilikuwa nimesimama pale naangalia udongo unavyotoka, na sijawahi kusahau kuwa sauti ya mtu aliye Dar es Salaam inaweza kumfanya mzee wa Kigogo achimbe ardhi ya Mvumi wakati wa kiangazi, na mnajua ile ardhi ilivyo ngumu.

Ndo maana nikaelewa haraka sana nilipomsoma Nat D.

Memphis ya wakati ule ilikuwa mji wa pamba. Karibu watu wanne katika kila kumi walikuwa Weusi, na maisha yao yalitengwa kwa sheria, shule mbali, hospitali mbali, viti vya basi mbali, hata bustani ya wanyama walikuwa na siku yao moja tu katika wiki. Na kwenye redio hawakuwepo. Yani wapo majumbani wanasikiliza, wananunua sabuni na unga unaotangazwa, lakini hakuna hata sauti moja ya kwao inayowaamkia.

Mwaka 1947 Wazungu wawili, John Pepper na Bert Ferguson, wakafungua kituo kinaitwa WDIA. Kilikuwa na wati 250 tu, kinatangaza toka jua linachomoza mpaka linazama. Wakapiga muziki wa Wazungu wa mashambani, wakajaribu na muziki mwingine, hela haikuingia. Kituo kinakufa. Sasa Ferguson akapata wazo la kuwaongelesha wale wanne katika kumi. Mi nawaambia ukweli kama ulivyo, walikuwa wanatafuta soko, na kuna wenzangu wakilisikia hilo wanavunjika moyo. Mi sivunjiki. Mlango ulifunguliwa kwa ajili ya biashara, ila aliyepita mlangoni alikuja na vitu vyake mwenyewe.

Wakamfuata Nat D. Kwa nini yeye? Kwa sababu mji mzima ulimjua. Alikuwa anafundisha Booker T. Washington High School tangu mwaka 1930. Alikuwa anaandika safu kwenye gazeti la Memphis World. Na usiku wa vipaji pale ukumbi wa Palace, mtaa wa Beale, yeye ndo alikuwa mshereheshaji, anawaita vijana jukwaani wanaimba, wakishangiliwa sawa, wakizomewa sawa. Hebu fikirieni mwalimu wenu wa historia, ndo huyo huyo mnamsoma gazetini, ndo huyo huyo MC wa ukumbi mnaoupenda. Ferguson hakumtafuta mtu mwenye sauti nzito, alimtafuta mtu ambaye watu wana habari nae.

Tarehe 25 Oktoba 1948, saa 10 jioni. Kipindi kinaitwa Tan Town Jamboree. Mwalimu katoka kufundisha, kakaa mbele ya maiki, na amejiandaa kama walimu tunavyojiandaa, maneno yote kayapanga kichwani. Yule wa chumba cha mitambo akamnyooshea kidole, yani sasa uko hewani ongea. Na kila kitu kikampotea. Hakuna neno. Wale mliowahi kukaa kwenye ile nafasi mnajua zile sekunde zilivyo, mate yanakauka, unasikia moyo wako kwenye hedifoni.

Akaangua kicheko. Kicheko kikubwa cha kifuani, cha mtu aliyepotelewa na maneno akaamua kupitia hapo hapo. Alicheka mpaka wengine humo ndani wakaanza kucheka, na kipindi kikaanza kutembea. Tokea siku ile kile kicheko kikawa alama yake, akifungua kipindi anacheka kwanza, na watu jikoni kwao, saluni, kwenye magari, wanajua mwalimu amefika.

Simu za kupinga na za vitisho zikaingia kituoni, kuna Wazungu hawakutaka kabisa kuisikia sauti ile. Lakini zikaja na nyingine, na barua, za watu wa mji ule ambao kwa mara ya kwanza wamesikia mtu anaongea kama wanavyoongea wenyewe. Mwaka mmoja haukuisha, WDIA ikawa kituo cha kwanza Marekani ambacho vipindi vyake vyote vimetengenezwa kwa ajili ya Weusi na watangazaji wake ni Weusi.

Nisije nikawadanganya kwamba yeye ndo mtu Mweusi wa kwanza kwenye redio Marekani, hapana. Chicago alikuwepo Jack L. Cooper, ameanza kipindi chake mwaka 1929, na heshima yake ni kubwa. Ila kituo kizima kugeuka kikawa cha watu wake, hilo lilianzia kwenye kile kicheko cha Memphis.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini hapa kwa sababu ndo penyewe. Nat D. hakuacha kufundisha. Amekuwa maarufu, sauti yake inafika mbali, na bado asubuhi ana kipindi saa 12 na nusu, akimaliza anakimbilia shule, anafundisha historia mpaka mchana, jioni anarudi studio. Na Jumapili alikuwa na kipindi cha mjadala, Brown America Speaks, wanakaa wanaongelea mambo ya Weusi waziwazi, katika mji ambao kuongea hivyo kulikuwa na gharama. Hivyo hivyo miaka na miaka. Alifundisha miaka 42 kwenye shule ile ile moja. Mi kama mwalimu hilo linanigusa kuliko wati zote. Asubuhi mwanafunzi amemsikia mwalimu hewani anacheza santuri na kutania, saa nne yupo nae darasani anamuuliza habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Yule mwanafunzi hawezi kuona redio ni kitu cha watu wa mbali.

Na msidhani mambo yalikuwa mteremko. Mwanzoni watangazaji Weusi wa pale hawakuruhusiwa hata kushika mitambo, santuri zinawekwa na fundi Mzungu aliye upande wa pili wa kioo. Nat D. anaitambulisha nyimbo, mwingine ndo anaiweka. Vijana wangu nyie mnaokaa mbele ya miksa mnavuta vitufe wenyewe, naomba leo jioni mkifika studio muitazame ile miksa kwa dakika moja.

Kituo kilipoanza kukua, watu wakaanza kukitumia kama wanavyomtumia jirani. Aliyepotelewa na ng'ombe, aliyepoteza pochi, mwenye msiba anayetafuta ndugu, mtoto aliyepotea, wote wanaleta tangazo na linasomwa bure. Cooper kule Chicago nae alikuwa na kipindi cha kutafuta watu waliopotezana. Na sisi huku mnajua, matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, yale yalikuwa yanasimamisha nyumba nzima. Mama yangu akisikia mlio wake anaweka mwiko chini. Haijalishi ugali umefika wapi. Majina yanasomwa, fulani wa Kongwa, fulani wa Mpwapwa, fulani wa Manyoni, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Ile popote walipo ndo redio yenyewe.

Niwape moja langu. Ilikuwa mwezi wa tatu, msimu wa zabibu, nipo hewani Jumamosi, akaja kijana wa bodaboda mlangoni anahema. Kuna mtoto wa kike wa kama miaka minne kaonekana stendi ya Jamatini, yupo kwa wakata tiketi, analia, jina la baba hajui, anachosema ni kuwa mama anauza mlenda. Nikapunguza muziki nikasema, mama yetu unayeuza mlenda mkavu, mtoto wako mwenye gauni la njano na kandambili mguu mmoja yuko salama, yuko Jamatini kwa wakata tiketi, njoo taratibu usikimbie barabarani. Nikarudia mara tatu. Wiki iliyofuata yule mama akaja studio na mwanae na furushi la mlenda. Akanisimulia kwamba alikuwa anazunguka soko la Majengo kama kichaa na ile kandambili nyingine kaifunga kwenye pindo la kanga, muuza nyanya mwenye redio ndogo akamshika mkono akamwambia mama Jamatini, Jamatini, nenda. Alivyofika, kabla hajamkumbatia mtoto, alipiga magoti akamvisha ile kandambili. Hivyo ndivyo alivyonieleza, kwanza nilimvisha kandambili. Mi katika miaka sita ya utangazaji kipindi changu kikubwa ndo kile, na hakikuwa na mgeni maarufu wala zawadi ya vocha.

Mwaka 1954 WDIA ikapanda toka wati 250 mpaka wati 50,000. Sauti ikafika Mississippi, Arkansas, mpaka kuelekea Ghuba ya Mexico, watu wa mashamba ya pamba wakawa wanaipata wazi, na ikasemwa kuwa kituo kimoja kinawafikia karibu asilimia 10 ya Weusi wote wa Marekani. Santuri inayopigwa pale asubuhi, jioni inatafutwa madukani. Wakawa wanaandaa tamasha kila mwaka, Goodwill Revue, na hela ilikuwa inarudi kwa watu. Mojawapo ya vitu walivyofanya ni kununua basi la kuwapeleka shule watoto Weusi wenye ulemavu, kwa sababu mji uliwawekea usafiri watoto Wazungu tu. Yani redio inapiga muziki, na mlangoni kwa mtoto asiyeweza kutembea linakuja basi.

Na vipaji. Rufus Thomas alikuwa mwanafunzi wa Nat D., akawa msaidizi wake kwenye usiku wa vipaji, akaurithi, alafu akaja WDIA nae akawa mtangazaji na mwanamuziki mkubwa. Binti yake Carla alianza kuimba kwenye kwaya ya vijana ya kituo kile akiwa na miaka 10, na nyimbo aliyoimba na baba yake mwaka 1960 ndo iliyoinua lebo changa ya Memphis ambayo dunia ikaja kuijua kama Stax. Na B.B. King, kijana katoka mashambani Mississippi, kafika pale na gitaa lake wakati hana kitu, wakampa dakika 10 za kutangaza dawa ya maji inaitwa Pepticon. Dakika 10 tu! Hata ile B.B. ilitokana na jina lake la hewani, Blues Boy wa mtaa wa Beale. Kila nyimbo ya blues aliyoipiga duniani baada ya hapo imepitia kwenye zile dakika 10.

Hapa kwetu tulikuwa nae Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wetu, ilimba yake na zeze vilisikika dunia nzima. Na Radio Tanzania ndo ilikuwa studio ya taifa, bendi zetu nyingi za dansi zilirekodiwa pale, bila wale mafundi wa mitambo na ile maktaba ya kanda leo tungekuwa tunasimuliana tu. Baadae ilipofika 1994 Radio One ikaingia, kikaja kipindi cha DJ Show, vijana wanachana kwa Kiswahili wakapata pa kusikika, na mengine yote ya Bongo Fleva mnayajua kuliko mimi.

Sasa nije kwenu. Kuna kituo kimoja, sikitaji, niliambiwa na mkuu wa vipindi kwamba mwalimu, lafudhi yako haiuzi, jitahidi uongee kama watu wa Dar. Nilikaa kimya siku tatu. Nilijaribu hata, wiki nzima nikaongea kama wao, na kijijini kwetu shangazi yangu akanipigia simu akaniuliza, mwanangu unaumwa? Nikarudi kwenye sauti yangu. Sikuwa na hasira na yule mkuu wa vipindi, nadhani nae aliambiwa hivyo. Lakini niliumia, na naona wengi wenu humu mnaumia hivyo hivyo, nawasikia kwenye vipindi vyenu mnabana pua, mnasema mambo ya Sinza na Mikocheni wakati msikilizaji yuko Nkuhungu anasubiri maji.

Sisemi mtangaze kwa Kigogo, kanuni zetu zimeelekeza Kiswahili na Kiingereza na mi Kiswahili nakipenda kwa moyo wote. Nasema Kiswahili chenu kitoke mlikolelewa. Wa Kondoa aongee kama wa Kondoa. Wa Bahi atuambie mpunga wa bwawani umefikia wapi. Taja bei ya uwele. Taja kijiwe cha bodaboda kwa jina lake, taja yule mama wa maandazi wa Chang'ombe, muulize, muache aongee dakika tatu usimkatize. Nat D. hakuuiga mji mwingine, alichukua mtaa wa Beale kama ulivyo, na vicheko vyake na madeni yake, akauweka hewani, na Wazungu wenyewe wakaanza kusikiliza kwa siri. Mmoja wa waliokuwa wanaisikiliza WDIA akiwa kijana Memphis ni Elvis Presley, na Desemba 1956 alijitokeza kwenye Goodwill Revue, ukumbi ukalipuka.

Mwaka 1972 Nat D. alipata kiharusi. Fikirieni mtu ambaye kazi zake zote mbili, darasa na maiki, ni mdomo. Akafariki mwaka 1983, mwezi Oktoba, mwezi ule ule aliozaliwa na ule ule aliocheka hewani mara ya kwanza. Vituo kwa vituo vilikuwa vimeshafuata njia yake Marekani nzima, na wanafunzi aliowafundisha walikuwa ni mji mzima, baba na mtoto wamekaa darasa moja kwa mwalimu mmoja.

Nimeletewa karatasi hapa kwamba muda umeisha na mgeni rasmi anasubiri, basi nimalizie na hili. Jumamosi hii saa mbili asubuhi nitakuwa soko la Majengo, upande wa wauza mlenda na karanga. Yule mama yupo bado, na yule binti wa gauni la njano saivi yuko kidato cha pili na amekubali kuongea. Simu zenu zinarekodi vizuri tu. Atakayetaka aje, mi nitakuwepo mpaka saa nne.